Mama katika Miraba Sitini na Minne

Benchi letu liko ubavuni mwa duka la Fundi Redio, pale ukuta unapotoa kivuli kuanzia saa saba mchana. Lina miguu mitatu ya mbao, na wa nne ni matofali mawili. Anayekaa upande wa matofali ndiye anayelaumiwa kahawa ikimwagika. Mbele yake kuna kreti lililopinduliwa, juu yake ubao wa drafti wenye miraba sitini na minne, myeusi kwa myeupe, na kopo la vizibo vya soda. Mimi ndiye mwenye birika, kwa hiyo wananiita Birika. Wateja wangu wa kudumu ni watatu. Karani aligonga mihuri posta miaka thelathini, na anakaa peke yake ng'ambo ya kreti kwenye kiti chake cha kukunja kwa sababu, anasema, benchi halina hadhi. Kisigino ni fundi viatu, hakutazami usoni mpaka amalize kukutazama miguuni. Breki alikuwa dereva wa lori, na sauti yake bado inadhani kuna injini ya kushindana nayo. Fundi Redio mwenyewe hutoka kukaa nasi mikono ikipata nafasi, naye ndiye mdogo wetu, ana miaka hamsini na tano tu.

Jumamosi hiyo, saa nane, Fundi alitoka dukani amekumbatia televisheni kama mtu anayeokoa mali kwenye moto. Akaiweka kwenye kaunta, uso wake ukitutazama sisi. Akaingia tena, akarudi na kinasa kaseti na kitu kingine kilichofanana na taipu iliyokosa sehemu ya karatasi, rangi yake imegeuka kuwa ya chai.

Breki: Fundi, hiyo nayo redio gani?

Fundi: Si redio. Ni kompyuta.

Breki: Iko wapi?

Fundi: Si hii hapa mbele yako!

Breki: Naona vibonye. Kompyuta yenyewe iko wapi?

Fundi: Imo humo humo ndani ya vibonye. Unaichomeka kwenye televisheni, unaandika, inakujibu. Ilikuwa yetu nyumbani, mimi na dada. Baba alipewa na bosi wake siku bosi anahama.

Karani: Posta tulikuwa na moja. Ilikuwa na chumba chake na feni yake. Sisi tunatokwa jasho, yenyewe inapepewa.

Kisigino: Na leo umeitoa ya nini?

Fundi alitazama saa ya mkononi kabla ya kujibu.

Fundi: Dada anakuja. Basi linaingia saa kumi.

Hakuna asiyejua habari hiyo pale benchini. Dada yake Fundi anafanya kazi mbali. Kila akija hukaa siku mbili, anakula vizuri, anacheka vizuri, halafu siku ya kuondoka anasimama mlangoni na kumwambia mdogo wake neno lile lile: "Wewe ulimfuta mama."

Maana yake ni hii. Wakiwa vijana, yeye ana kumi na saba na Fundi kumi na tano, walitengeneza mchezo kwenye mashine hiyo. Nguo ziko kwenye kamba, wingu linashuka, na mama yao anakimbia kuzianua kabla hazijalowa. Fundi aliandika mvua, kamba na nguo. Dada alimchora mama na kuandika sehemu iliyobaki. Mchezo wote ukakaa kwenye kaseti moja tu. Siku moja Fundi akarekodi matangazo ya mpira kutoka redioni juu ya kaseti ile ile. Maisha yake yote amesema alichanganya kaseti. Mwaka uliofuata mama alifariki, na jambo lililokuwa dogo likawa kubwa, likabaki hivyo hivyo.

Fundi: Sehemu yangu niliwahi kuiandika kwenye daftari. Mvua ninayo. Kamba mbili ninazo. Nguo zote kumi na mbili ninazo. Mama ndiye sina. Nataka dada akifika amkute mama kwenye kioo cha televisheni. Nimechoka kuagwa kwa neno lile.

Breki: Sasa sisi tunaingia wapi hapo?

Fundi: Mama kwenye mchezo ni miraba minane kwenda chini, minane kwenda kando. Sawasawa na huo ubao wenu. Ninyi mlimjua, ubao mnao, vizibo mnavyo. Nipangieni mama.

Akatueleza kazi yenyewe. Penye kizibo, taa imewaka. Pasipo na kizibo, taa imezima. Kila mraba una uzito wake, kutoka kulia: moja, mbili, nne, nane, kumi na sita, thelathini na mbili, sitini na nne, mia na ishirini na nane. Unajumlisha penye vizibo, unapata namba ya mstari huo. Mistari minane, namba nane, na hizo namba nane ndizo mtu.

Breki: Mtu mzima, namba nane?

Karani: Wewe hata hizo nane hufikishi.

Fundi akarudi kwenye kaunta kuandika mvua yake, tukasikia vibonye vinagonga. Sisi tukabaki na ubao mtupu. Nikamimina duru ya kwanza, maana niliona kazi itakuwa ndefu.

Breki: Tatizo la kwanza, mama yule haenei hapa. Alikuwa mama mkubwa. Tutafute ubao wa pili tuunganishe.

Karani: Alikuwa mfupi yule. Ulimwona mkubwa kwa sababu ulimwogopa.

Breki: Nani? Mimi nimwogope?

Mimi: Si alisimamisha lori lako kwa mkono mmoja?

Breki: Mkono mmoja! Nateremka mlima ule, nimepakia saruji, yeye kasimama katikati ya barabara na beseni kichwani, ananyoosha mkono hivi. Lori likasimama lenyewe. Sikukanyaga kitu! Watu wakaanza kuniita Breki, kumbe breki ilikuwa yeye.

Karani: Lori la saruji likasimama lenyewe.

Breki: Lenyewe! Injini ilikuwa na adabu siku hizo. Kwa hiyo mkono uonekane. Mkono uchukue mstari mzima, na ukibaki uende kwa jirani.

Kisigino: Mkono si kitu. Mtu ni miguu. Viatu vyake nimevishona mara saba. Soli zinaisha mbele, kwenye vidole. Nyuma bado mpya! Nikamwambia, mama, wewe unakanyaga nusu tu ya kiatu, nusu nyingine unamwachia nani?

Mimi: Akasemaje?

Kisigino: Alikuwa ameshaondoka.

Karani: Mabwana, mtu anatambulika kwa kitambaa cha kichwani. Lile fundo lake lilikuwa linaonekana toka dirisha la posta. Na hayo ya vidole nitawaeleza sababu yake. Mama yule alikuwa mwanariadha. Wa mbio fupi. Alikuwa anaandikiwa barua kutoka nje.

Mimi: Ulifungua barua ya watu?

Karani: Sikufungua. Niliinua kwenye mwanga kukagua stempu.

Kisigino: Stempu inakaguliwa kwa mwanga?

Karani: Stempu makini, ndiyo.

Breki: Hakuna cha uanariadha. Ninyi hamkumwelewa. Mvua ndiyo ilikuwa inamsubiri yeye. Mimi nimeendesha lori kwenye mvua za kila aina, naijua mvua. Mtaa huu ilikuwa haianzi mpaka yule mama afike kamba ya pili. Wingu limesimama juu ya paa pale, limeshika tumbo, linamtazama.

Kisigino: Wingu limeshika tumbo?

Breki: Si linajizuia!

Karani: Kinyume chake. Mvua ilikuwa inamfuata. Siku asiyofua, hainyeshi. Posta tulikuwa tunachukua miavuli kwa kuangalia kamba yake. Na Idara ya Hali ya Hewa ilimweka mtu wake hapa hapa, mwembamba, anakunywa kahawa bila sukari, anaandika kwenye kijitabu.

Mimi: Yule alikuwa anamchumbia binti wa muuza mkaa.

Karani: Ndivyo alivyotaka tuamini.

Basi wakaendelea hivyo, mmoja akizidisha, mwenzake anazidisha juu yake. Mimi nilikuwa na langu lakini sikulisema. Kila asubuhi mama yule alinipitia, nikammiminia nusu kikombe, akakinywa kwa mikupuo miwili huku jicho liko barabarani, akanirudishia kikombe kikiwa bado cha moto. Nilikuwa kijana, birika langu jipya, na kwa sababu yake nilijiona nina kazi ya maana. Nilimpenda kama shangazi. Lakini hilo ungelipangaje kwa vizibo?

Saa nane na nusu wakaanza kupanga. Breki aliweka, Kisigino akasahihisha, Karani kutoka ng'ambo akajumlisha na kuandika namba kwa mwandiko wa fomu za serikali. Fundi akazipokea, akasafisha kioo, akaziingiza moja moja, akabonyeza.

Katikati ya televisheni kikatokea kitu chenye matundu.

Fundi: Nimeomba mama, mmenipa chujio.

Akaja kutazama ubao. Vizibo vyote vilikuwa kwenye miraba myeusi. Hata kimoja hakikugusa mweupe.

Fundi: Mbona mmeruka huku kote?

Breki: Kizibo hakikai kwenye mweupe.

Fundi: Breki, hapa hatuchezi.

Breki: Drafti ni drafti! Leo mnaweka kwenye mweupe, kesho mtakula kinyumenyume, keshokutwa watoto wetu watasukuma vizibo popote kama wanasukuma mbuzi. Nimekaa hapa miaka mingi, sijawahi kukanyaga mweupe, na sitaanza leo.

Kisigino naye alikubaliana naye, na kusema kweli hata mkono wangu ulikuwa mzito. Ikabidi Karani asimame. Akavuta shati, akakohoa.

Karani: Kwa mamlaka niliyonayo, kuanzia sasa hadi saa kumi kamili, miraba myeupe imeruhusiwa. Baada ya hapo sheria inarudi kama ilivyokuwa.

Breki: Andika.

Karani akaandika, akaweka sahihi na tarehe. Ndipo Breki akachukua kizibo, akafumba macho, akakiweka kwenye mweupe.

Mara ya pili mama alipatikana. Kichwa miraba miwili, mabega manne, mikono mstari mzima kasoro miraba miwili ya pembeni, sketi, miguu miwili imeachana. Vizibo thelathini. Hata mimi nilipomtazama nilijikuta nataka kumuuliza anakwenda wapi. Karani akasoma namba kwa sauti, Fundi akaingiza, akabonyeza.

Mama akatokea amesimama kwa kichwa, miguu hewani.

Kisigino: Toba! Sketi iko juu! Geukeni, geukeni!

Na wazee watatu wakageuzia nyuso ukutani kwa heshima. Mimi pia niligeuka, nikiwa nimeshika birika. Fundi alikuwa anacheka mpaka ameshika kaunta.

Fundi: Karani, umeanzia kusoma wapi?

Karani: Mstari wa kwanza. Huu ulio karibu nami.

Fundi: Wewe umekaa ng'ambo! Wa kwanza wako ni wa mwisho wetu!

Karani: Mimi posta nilikuwa ndani ya dirisha. Wateja ndio walikuwa ng'ambo. Siku zote.

Tukambeba na kiti chake tukamleta upande wetu, akalalamika njia nzima, ambayo ni hatua tatu. Akasoma upya kutoka juu: ishirini na nne, ishirini na nne, sitini, mia na ishirini na sita, sitini, sitini, mia na ishirini na sita, thelathini na sita. Safari hii mama akasimama kwa miguu yake. Mdogo, mweupe, ametanua mikono katikati ya kioo cheusi. Kisigino akanong'ona kwamba mguu wa kushoto uko vizuri.

Fundi: Sasa nimwingize kwenye mchezo. Nilete kwenye kioo maandishi yote niliyoiagiza mashine.

Alibonyeza, na hapo ndipo tulipopata tukio ambalo mpaka leo Breki analisimulia vibaya. Kioo kilijaa maandishi ya Fundi kutoka juu hadi chini, na kila mahali palipokuwa na herufi A, palisimama mama. KAMBA ilikuwa na mama wawili. MVUA ilikuwa na wake pale mwishoni. Mama wadogo wadogo, kila mstari, wengine wawili wawili, wengine peke yao pembeni, wote wametanua mikono.

Breki: Fundi! Wamezaliana!

Fundi: Hapana, hapana. Ni kosa langu. Mashine hii haina kiti cha ziada. Ukimleta mgeni, lazima herufi moja impishe. Mimi nikachukua A, ndiyo iliyokuwa karibu.

Karani: A? Katika lugha hii yetu? Umeondoa nguzo ya nyumba! Chukua X. Toka nizaliwe sijaiona ikifanya kazi hapa. Q nayo imekaa tu.

Fundi: Kweli. Nimpeleke kwenye X.

Akanyoosha kidole kubonyeza, lakini Kisigino akamshika mkono.

Kisigino: Waache kidogo.

Tukawaacha. Karani alihesabu chini kwa chini, akapata mia moja na sita. Breki alivua kofia bila kuambiwa. Fundi alisimama na mikono kwenye vibonye, akisoma kioo mstari kwa mstari, na ingawa aliyaandika mwenyewe, alisoma kama mtu aliyepokea barua. Nilimwonea huruma. Miaka arobaini anatengeneza redio za watu, kila mtu anampelekea kilichonyamaza, na hakuna aliyewahi kumuuliza lake.

Fundi: Sikumbuki sura yake vizuri siku hizi. Nakumbuka mwendo.

Halafu akambadilisha, A zikarudi kazini, mama akabaki mmoja.

Saa kumi kasoro dakika kumi mchezo ukawa tayari. Fundi akavuta stuli, akaanza kujaribu. Mama akakimbia kulia, akaanua shuka. Akakimbia kushoto, akaanua suruali. Wingu linashuka kidogo kidogo kutoka juu ya kioo. Tano, sita, saba. Sisi nyuma tunapiga kelele kama uwanjani, Breki anakanyaga breki ambayo haipo. Ya nane. Ya tisa ilikuwa shati jeupe mwanzoni mwa kamba ya mbali. Mama akalikimbilia, mvua ikamkuta katikati ya uwanja. Kioo kikaandika: ZIMELOWA.

Fundi akarudia. Nane, kisha ZIMELOWA. Akarudia tena, jasho linamtoka.

"Bado unakwama kwenye ya tisa."

Tuligeuka wote. Dada yake Fundi alikuwa amesimama nyuma ya benchi, mkoba begani, vumbi la safari bado kwenye viatu. Hatukujua amesimama hapo tangu lini.

Dada: Hamjambo, wazee.

Sisi: Hatujambo, karibu, pole na safari.

Alikuwa anatazama kioo. Alipita katikati yetu, akaweka mkoba chini, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa televisheni. Fundi alisimama kutoka kwenye stuli, hajui mikono aiweke wapi.

Fundi: Nimejaribu kumrudisha, dada. Wazee wamenisaidia.

Breki: Mkono wake ni wangu mimi. Yaani, mimi ndiye nimeupanga.

Dada: Anafanana. Alikuwa anakimbia hivyo hivyo.

Akaweka kidole kwenye kioo, juu ya mama, akakiacha hapo. Nilifikiri mambo yamekwisha vizuri, nikaanza kumimina kikombe cha mgeni. Kisha akageuka, akatuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza saa:

Dada: Akishaanua zote kumi na mbili, inakuwaje?

Karani akapekua karatasi yake ya namba. Breki akatazama ndani ya kikombe chake. Kisigino akatazama viatu vya dada. Mchana kutwa tulikuwa tumebishana kuhusu mkono na fundo na vidole, tukambebesha mama lori na mawingu, na hakuna aliyewaza nguo zitakwisha lini. Tukamtazama Fundi, maana mchezo ni wake.

Fundi: Sijui.

Dada: Hujui vipi?

Fundi: Sikuwahi kufika. Wewe ulikuwa unafika, lakini unanitoa chumbani kwanza. Unasema nifike mwenyewe. Sikufika hata siku moja, dada. Kila siku nalowa kwenye hilo shati jeupe la baba.

Nilimwona anataka kuishia hapo, kisha nikamwona anakataa.

Fundi: Na ile kaseti sikuichanganya. Nilijua ni ipi. Nilikuwa nimeshindwa tena, nikashikwa na hasira, mpira ulikuwa unaanza redioni. Nikasema nitakuomba uandike upya. Halafu mama akaugua. Nikaona haya. Nikaendelea kuona haya mpaka leo.

Birika lilikuwa linaniunguza goti, na sikuthubutu kulisogeza.

Dada: Nilijua.

Fundi: Ulijua?

Dada: Kaseti uliiandika jina mwenyewe, kwa wino mwekundu, pande zote mbili. Nani angeichanganya? Mbona nilikuwa nakwambia mlangoni kila nikiondoka? Nilidhani siku moja utanijibu.

Fundi alifunika uso kwa mikono yake yenye harufu ya risasi ya kuunganishia nyaya. Dada akamvuta kwa shingo, wakakaa hivyo, na sisi wazee tukageukia ukuta mara ya pili siku hiyo.

Tuliposikia vizibo vinagonga, tukageuka. Dada alikuwa ameketi kwenye kiti cha Karani, na Karani akajikalia benchini upande wa matofali. Dada alikuwa amemfagia mama wetu, vizibo vyote thelathini, akavirudisha koponi, na sasa anapanga upya bila kusita, kwenye myeusi na kwenye myeupe, mkono wake unajua njia. Alipomaliza, vilikuwa vizibo ishirini na kimoja.

Breki: Huyu nani?

Dada: Mama. Ameketi.

Tukainama. Tulitazama sana. Kichwa, mgongo umenyooka, mapaja kwenda mbele, miguu chini, kigoda. Ilikuwa kweli. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyemtambua, sisi tulioishi naye mtaa mmoja, na mimi niliyemmiminia kahawa kila asubuhi. Niliona aibu, na nadhani hatukuwa na aibu moja moja bali ya pamoja.

Dada: Sikuwahi kumwona ameketi mchana. Ndiyo maana nikamwekea mwishoni. Mtu akishinda, amkalishe. Hiyo ndiyo ilikuwa zawadi.

Fundi akaleta kalamu mwenyewe. Dada akamsomea: arobaini na nane, arobaini na nane, hamsini na sita, arobaini na nane, sitini na mbili, thelathini na nne, thelathini na nne, thelathini na tano. Wakamweka kwenye Q. Kisha wakaandika mistari michache ya mwisho pamoja, wanagombana kuhusu nukta, mmoja anafuta cha mwenzake, sauti zao zimekuwa za watoto. Saa kumi na moja ilipita, ruhusa ya miraba myeupe ilikuwa imeisha tangu saa kumi, hakuna aliyekumbusha. Birika lilikuwa limekauka na hakuna aliyeniomba nikachemshe jingine.

Dada: Haya, cheza.

Fundi: Nitalowa.

Dada: Unaanzia kamba ya karibu, ndiyo maana. Mama alikuwa anaanzia ya mbali, anarudi nayo nyumbani. Hukuwahi kumwangalia?

Fundi akakaa kwenye stuli, akajifuta viganja kwenye suruali. Mama akakimbia moja kwa moja mpaka mwisho wa uwanja, akaipita kamba ya kwanza bila kuigusa. Akaanua shati la baba kwanza. Wingu likashuka. Safari hii hatukupiga kelele, hata Breki alikuwa amejishika mdomo. Sita. Nane. Tisa. Kumi. Fundi alikuwa anahema kwa sauti. Kumi na moja. Matone ya kwanza yakaanza kudondoka juu ya paa la kwenye kioo, mama akafika mwisho wa kamba ya karibu, akaanua shuka, akaingia mlangoni.

Kioo kikatulia. Halafu mlango ukabaki wazi, na ndani yake, kwenye kigoda, mama akaketi.

Fundi hakuondoa mikono kwenye vibonye. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, na dada alikuwa amesimama nyuma yake, kidevu juu ya kichwa cha mdogo wake. Mvua kwenye televisheni ikaendelea kunyesha, mistari mirefu myeupe, juu ya kamba mbili tupu.

Fundi: Dada, mbona haikomi?

Dada: Inyeshe tu. Nguo zote ziko ndani.